Pasta amesema nibadilishe jina la binti yangu kabla hajamweka wakfu. Naombeni mawazo

FundiSimu_Kondele

Wadau hamjambo. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nilikuwa niandike jana stima ikapotea hapa Kondele nikiwa nimefika katikati, nimeanza upya.

Mke wangu alijifungua msichana, sasa ana miezi mitatu. Sisi ni watu wa kanisa, si wale wa Krismasi na Pasaka, mimi ndio huwa nashughulikia spika na maiki kila Jumapili. Tukapanga mtoto awekwe wakfu Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kuna fomu unajaza, jina la baba, la mama, la mtoto. Nikaandika Neema Awiti. Neema ni chaguo la mke wangu, Awiti ni jina la dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, huyo ndiye alinilea kule Ugenya mpaka nikamaliza darasa la nane. Nikapeleka fomu Jumatano, Ijumaa pasta akanipigia nije ofisini. Nikajua ni ile spika ya kushoto imeanza tena.

Kufika akaniuliza, unajua Awiti maana yake nini. Nikamwambia najua, inatoka kwa "wito", kutupa. Kwa wale si Wajaluo acha nieleze. Zamani mama akizaa na watoto wanakufa wanakufa, yule anayefuata alikuwa anabebwa anawekwa njiani kama kitu kimetupwa, halafu jirani, mara nyingi mama mzee, anapita anajifanya ameokota, anamrudisha kwa ile nyumba kama mtoto wa kuokotwa. Kifo kikirudi kutafuta mtoto wa huyo mama kinapata hana, kuna wa kuokotwa tu. Mvulana anaitwa Owiti, msichana Awiti. Kuna na Ojwang' na Ajwang', aliyeachwa, ni ukoo mmoja wa majina.

Pasta akasema ndio hiyo sasa. Ati kila siku mtu akimwita huyu mtoto anamtabiria kutupwa, ndoa itamtupa, kazi itamtupa, na mimi babake ndio nimeandika kwa mkono wangu. Akanisomea Yabesi, yule wa Biblia mamake alimpa jina la huzuni. Akasema tutoe Awiti tuweke hata Favour, halafu tufanye maombi ya kukata laana ya hilo jina. Sasa Neema Favour si ni Neema Neema jameni, lakini sikucheka.

Niseme ukweli, hakuwa mkali. Huyu ni mtu alimzika baba yangu na akalala kwetu matanga siku mbili kwa mvua. Angekuwa ni wale wa kuuza mafuta na maji nisingehangaika, ningejiondokea. Ndio maana niko hapa najikuna kichwa. Na dani bado yuko hai, ana miaka zaidi ya 80, akisikia jina lake limetolewa kwa mtoto kama kupe nitamwambia nini?

Swali langu: Mungu anaangalia jina kweli? Ama ni sisi tu?

Mwombezi_Tosha

Ndugu sikiliza mchungaji wako, amekuwekea ulinzi. Jina ni madhabahu. Soma Mwanzo 35, Raheli akikata roho anamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu wangu, Yakobo hapo hapo anakataa, anamwita Benyamini. Hakutaka kijana abebe kifo cha mamake maisha yake yote. Huyo ni baba anajua kazi yake. Abramu alibadilishwa, Sarai alibadilishwa, Yakobo, Simoni. Nabali mkewe mwenyewe alimwambia Daudi kama jina lake ndivyo alivyo, mpumbavu, na kweli alikufa kijinga.

Na siongei kutoka kwa vitabu peke yake. Kwetu kuna jina la babu limepewa watu watatu, wote watatu pombe imewamaliza. Wa nne wazazi walikataa hilo jina, leo ni mwalimu wa sekondari. Mniambie hiyo ni bahati.

Nanjala_wa_Webuye

Mwombezi mulembe. Mimi naitwa Nanjala, na kwa Wabukusu hilo ni jina la mtu amezaliwa wakati wa njaa. Nilizaliwa 1984, ile njaa wazee wanaiongelea mpaka leo, mama alinyonyesha akila mboga ya porini. Kwa hiyo kwa hesabu yako mimi maisha yangu yote ni kukosa chakula si ndio?

Nina hoteli hapa Webuye karibu na steji. Ugali, matumbo, mrenda, na kuku wikendi. Wateja wanaita "Nanjala ongeza supu" tangu saa sita mpaka saa tisa, njaa haijawahi kuingia hapo ndani imeona jina ikadhani ni kwao.

Mama hakunipa jina la laana, alinipa la ukumbusho. Kila akiniita anakumbuka Wele, yaani Mungu, alituvusha. Nikibadilisha niitwe Peace, nani atakumbuka?

FundiSimu, na huyo pasta mwenyewe anaitwa nani?

FundiSimu_Kondele

@Nanjala_wa_Webuye hahaha siwezi kumtaja hapa, ila alizaliwa usiku. Wajaluo mshajua.

Mulogoli_Halisi

Heee! Usiku ni giza, giza ni la nani? Mwambieni naye abadilishe akuwe wa saa nne asubuhi.

Acha niwachekeshe na ya kwetu Vihiga. Sisi ni Friends, yaani Quaker, wamisheni wao walifika Kaimosi 1902, na mnajua Friends hawabatizi kwa maji kabisa. Hakuna maji, hakuna mafuta, lakini enda kwa boma yoyote ya Mulogoli usikie majina: Hezron, Jafeth, Elphas, Kefa. Hayo angalau mengi ni ya Biblia. Halafu sasa kuna Wycliffe, Wilberforce, Moffat, Livingstone, na mjomba wangu ni Gladstone. Nilitafuta Gladstone kwa Biblia kutoka Mwanzo mpaka Ufunuo. Kumbe ni waziri mkuu wa zamani wa Uingereza! Mtu wa siasa, amekuwa waziri mkuu mara nne, na jina lake liliingia kanisani kwetu bila hata kuulizwa swali moja. Mjomba amekuwa mzee wa kanisa miaka na miaka na jina la mwanasiasa. Lakini Awiti, ambalo angalau lina hadithi ya mtoto kupona, hilo ndio linaitiwa maombi ya kukata.

Kitu cha Mzungu kikikosa maana tunasema ni jina la Kikristo. Cha nyanya kikiwa na maana tunasema ni pepo.

Katekista_Busia

Amina Mulogoli. Niongeze upande wetu wa Katoliki kwa sababu watu hudhani sisi ndio wagumu. Sheria ya zamani ya Kanisa, ile ya 1917, padri alitakiwa ahakikishe mtoto amepewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa anaongeza la mtakatifu mwenyewe. Hiyo ya sasa, ya 1983, imelegeza, inasema tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Yaani leo Awiti linapita.

Lakini kitu kikubwa ni hiki. Parokiani kwetu mama akileta mtoto akasema anaitwa Kizito hakuna mtu anashtuka, ni jina la ubatizo, na Lwanga vilevile. Kizito alikuwa nani? Kijana wa Kiganda wa kama miaka 14, alichomwa pale Namugongo 3 Juni 1886. Hilo jina halikutoka Roma, lilitoka kwa baba yake na mama yake, watu ambao hawakuwa wamesikia habari ya Yesu. Wala halikuoshwa na mtu. Aliishi nalo akafa nalo, na 1964 Papa akamtangaza mtakatifu nalo. Jina halikumtakasa, yeye ndiye alilitakasa.

Kwa hivyo mimi hapa nangoja Mtakatifu Awiti. Kwani lazima wote wawe Agnes?

Mwombezi_Tosha

Mnacheka lakini hamjanijibu. Mnachanganya majina mawili. Otieno, Nanjala, Wafula, hayo ni ya saa na majira, sina shida. Mimi naongelea jina la kurithi kutoka kwa mtu wa ukoo. Wajaluo wenyewe wanajua nying juogi: mtoto analia usiku, wazee wanataja majina ya waliokufa moja moja, akinyamaza kwa jina fulani basi huyo ndiye amekuja. Majirani zetu Wakalenjin walikuwa wanataja mpaka mtoto apige chafya. Sasa hiyo ni nini kama si kuuliza wafu? Kumbukumbu la Torati 18 inakataza wazi. Mtoto anaanza maisha na mtu mwingine amekaa juu yake. Huyo pasta si mjinga.

MwalimuMstaafu_Naks

Nimesoma huu uzi tangu asubuhi, nimeshindwa kunyamaza. Habari zenu wanangu.

Mwombezi hapo umeongea kitu cha maana na wenzako wamekipita mbio. Kuuliza wafu Biblia imekataza, na mtu akipata jina kwa njia hiyo akaja kanisani ana kitu cha kutubu. Lakini angalia anachotubu: ni kuuliza. Huwezi kutubu herufi. FundiSimu hakutaja majina ya marehemu mtoto akilia, amempa binti yake jina la mama mzee aliye hai, aliyemlea, huko ni kuheshimu baba na mama. Kwetu Wagikuyu kila mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la baba ya baba, hakuna mtu anaita hiyo kuuliza wafu. Na tuna Kariuki, maana yake aliyefufuka. Njoki, aliyerudi. Sasa hayo nayo tuyakate? Pasta atoe "aliyefufuka" kanisani aweke nini, Favour?

Sasa hao mashahidi wenu mmewaita kortini lakini hamkuwasikiliza. Yabesi kila mtu anamtaja. Mamake alimzaa kwa huzuni akamwita hivyo, 1 Nyakati 4:9. Halafu mstari wa 10 akamwomba Mungu ambariki, amzidishie mipaka, amwepushe na uovu usimhuzunishe, na Mungu akamjalia alichoomba. Nionyesheni mstari ambao alibadilishwa jina. Hakuna. Aliingia kwa maombi akiwa Yabesi, akatoka amebarikiwa akiwa Yabesi, na mpaka leo tunamwita Yabesi. Huyo ni shahidi wa FundiSimu, si wa pasta.

Yakobo ndiye ananifurahisha zaidi. Jina lake ni la kushika kisigino, na Esau alilalamika kwamba kweli huyu ni mlaghai kama jina lake. Mungu akampa Israeli pale Penueli, na akamrudia tena Betheli akamwambia hutaitwa tena Yakobo. Mmesoma mbele? Miaka mingi baadaye Mungu anamtokea Musa kichakani, anajitambulisha: Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka, na Mungu wa Yakobo. Hakusema wa Israeli. Alikuwa na jina safi alilompa mwenyewe, na bado akajiita kwa lile la mlaghai. Mimi hapo huwa nasimama nafunga Biblia kidogo. Mungu hakuona aibu kubeba jina la huyo mtu kando ya lake.

Naomi alijaribu mwenyewe. Alirudi Bethlehemu amefiwa na mume na wana, akawaambia wanawake msiniite Naomi, niiteni Mara, uchungu. Hakuna hata mmoja alimwita Mara. Kitabu chenyewe kinaendelea kumwita Naomi mpaka mwisho.

Na kama ni jina kuvuta pepo, someni Warumi 16. Fibi, Paulo anamwita dada yetu, jina lake lilikuwa la miungu ya Wagiriki. Herme yuko hapo hapo kwa salamu, hilo ni jina la mungu wao kabisa, Hermes. Epafrodito wa Wafilipi ndani yake kuna Afrodite, mungu wao wa kike. Paulo hakumwandikia mtu hata mmoja kwamba nimekuombea badilisha kwanza. Danieli na wenzake ndio waliobadilishwa majina kwa nguvu, wakapewa ya miungu ya Babeli, na bado tanuru haikuwachoma wale wenzake watatu, tunaimba Shadraka na Meshaki na Abednego na tumesahau kwamba hayo ndiyo yalikuwa majina ya kipagani.

Na yule Paulo watu husema alibadilishwa kutoka Sauli njiani Dameski, hakubadilishwa. Matendo 13:9, Sauli ambaye ndiye Paulo. Alikuwa nayo mawili, kama wewe FundiSimu kwenye kitambulisho. Tena njiani Dameski Yesu alimwita Sauli, Sauli. Kwa lile la nyumbani.

Swali langu kwako kijana. Umezungumza na pasta, umezungumza na sisi. Mwenye jina umemuuliza?

Nanjala_wa_Webuye

Mwalimu Mungu akuweke. Acha niongeze ya wanawake, mmetaja wanaume zaidi. Hajiri kule jangwani, mjakazi, ametoroka mateso akiwa na mimba. Sara na Ibrahimu hakuna mahali wanamtaja kwa jina, ni "mjakazi" tu "mjakazi wangu". Malaika wa Bwana ndiye wa kwanza kumwita, Hajiri, unatoka wapi na unaenda wapi. Na yeye ndiye akampa Mungu jina, Mungu unionaye. Hebu fikiria, mtu hana wa kumwita jina anakutana na Mungu wanapeana majina.

Na Mariamu kaburini, alimwona Yesu akidhani ni mtunza bustani, aliongea naye na hakumjua. Yesu akasema neno moja tu, Mariamu. Akajua. Hakumhubiria, alimwita vile amezoea kuitwa.

FundiSimu_Kondele

Wadau nimerudi. Samahani kwa kimya, kulikuwa na kazi ya skrini nyingi.

Mwalimu ulinichoma na lile swali. Jana jioni nikampigia dani. Nilikuwa na hofu mpaka nikazunguka, nikauliza habari ya kuku, habari ya goti, mvua, mpaka akaniambia sema kile umepiga simu kusema. Nikamweleza yote.

Akanyamaza. Halafu akacheka, ile kicheko ya kukohoa. Akasema hivi, naandika kwa Kiswahili lakini alisema kwa Kijaluo: "Huyo pasta amesikia nusu ya jina. Nani aliwahi kumwona Awiti amebaki njiani? Ukibaki njiani hakuna mtu wa kukuita jina lolote. Kila Awiti unayemwona aliokotwa."

Nikakaa kimya mimi sasa. Akanieleza kitu sikuwa najua, kwamba yule mama aliyemwokota alikuwa jirani asiye na mtoto, na mpaka alipokufa dani alikuwa anampelekea unga wa kwanza kila mavuno, kama mama mzazi. Akasema yeye kutupwa hakukumbuki, alikuwa na siku chache, anakumbuka tu aliyemwokota. Halafu akaniuliza, na Musa? Mama yake alimweka wapi? Si kando ya maji kwa majani ili asiuawe, na binti wa mfalme akamtoa, na akamwita jina kwa sababu ya kumtoa majini. Akasema Musa naye ni Owiti.

Mimi nimekaa kanisani miaka hiyo yote na sijawahi kuiona hiyo.

Mwisho nikamuuliza kuhusu jina lake la ubatizo, yeye ni wa ACK, kanisa la Anglikana, alibatizwa Dorkas. Akasema Dorkas ni la kitabu cha sadaka, wanalisoma akitoa, na mwalimu wa dini alimwambia maana yake ni paa, mnyama wa porini, na hakuna mtu aliwahi kumwombea atoke kwa mnyama. Lakini usiku akiamka kuomba huwa anasema, "Nyasaye (Mungu), ni mimi Awiti." Hajawahi kumwambia ni Dorkas. Anasema akisema Dorkas ataonekana kama mgeni.

Mulogoli_Halisi

Nimeacha kucheka. Huyo mama apewe mimbari.

Mwombezi_Tosha

Nimesoma. Ya Musa imenishika sitadanganya. Lakini bado nasema kuna majina ya kukata, na jina la babu yetu mimi sitampa mtoto wangu. Hilo niachieni. Mwalimu ya Yabesi nitaenda kusoma tena mwenyewe.

MwalimuMstaafu_Naks

Mwombezi hakuna mtu atakulazimisha. Elisabeti naye alikataa jina la jamaa. Majirani walitaka mtoto awe Zakaria kama babake, akasema hapana, Yohana, wakamwambia kwenu hakuna mtu wa jina hilo. Uhuru ni pande zote. FundiSimu, pasta amesemaje?

FundiSimu_Kondele

Nilienda leo mchana. Nikamweleza vile dani alisema, neno kwa neno. Akatoa miwani akafuta, akavaa, akatoa tena. Hakusema alikosea na sikutaka aseme. Aliniuliza tu kama huyo mama anaweza kuja. Ati badala ya maombi ya kukata, asimame mbele yeye mwenyewe ndiye ampe mtoto mikononi, na aeleze hilo jina kanisa lisikie. Nikamwambia nitauliza.

Nimeuliza, dani amekubali kabla sijamaliza. Mke wangu ameanza kutafuta kitambaa. Shida ni moja tu, matatu za huko zinamsumbua, akikaa nyuma anatapika, na akija na ya asubuhi atafika amechoka hawezi kusimama.

Katekista_Busia

Jumamosi hiyo nakuja Kisumu na Probox kuchukua vitabu vya parokia. Napita Ugunja, hapo jirani na Ugenya, saa tatu hivi. Mbele hakuna mtu. Mwambie angoje hapo steji, nitamwokota.